Waliolifuata Jani Mpaka Chunguni

Leo nataka tuzungumze juu ya kazi ya mtaalamu wa mimea, na nimemchagua mmoja ambaye maisha yake na kazi yake haviachani: Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Kenya. Alizaliwa mwaka 1959 upande wa Vihiga, magharibi mwa nchi. Utotoni mwili wake ulikataa maziwa, ukakataa mayai, ukakataa na samaki. Sasa mtoto wa kijijini asiyeweza maziwa wala samaki atakula nini akue? Alilishwa mboga za nyumbani, zile ambazo mama na bibi yake walizijua: mgagani, mnavu, kunde, mrenda, mitoo, mchicha, majani ya maboga. Mtoto akanawiri.

Baadaye akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea kilimo. Huko akakuta mboga za kufundishwa ni zile zilizokuja na wageni, kabichi na wenzake. Zile zilizomlea hazikuwa na nafasi darasani, na zilipotajwa zilitajwa kama magugu, mimea ya kung'olewa ili isile mbolea ya mazao. Shahada zilifuata, mpaka udaktari alioupata Wye College, katika Chuo Kikuu cha London. Lakini mimi naona kazi yake ya maisha ilianzia pale darasani Nairobi. Mtu aliyekua kwa kula mmea fulani, kisha akaambiwa kwamba mmea huo ni adui wa shamba, ana swali ambalo halimwachi alale.

Na hoja yangu leo ni hii. Mboga hizi zilikuwa zikitutoka kwa njia mbili: kwa aibu na kwa mbegu mbovu. Aibu iko kwa watu, mbegu iko kwenye mmea. Anayejua mmea peke yake angetengeneza mbegu nzuri isiyonunuliwa na mtu. Anayejua watu peke yake angewahubiria wakulima wapande kitu kisichoota. Ilihitajika akili inayokaa pande zote mbili, na ndiyo sababu nasema elimu ya mimea, ikifanywa inavyopaswa, ni elimu ya watu pia.

Tuanze na aibu. Wazee wetu waliosoma enzi za ukoloni walikuta bustani za shule na za misheni zimepandwa kabichi na mboga nyingine za Ulaya. Aliyestaarabika alikula hizo. Mgagani ulibaki chakula cha nyumbani kwa bibi, chakula cha wakati wa shida, na polepole ukapata jina la chakula cha maskini. Uhuru ulikuja, bendera ikabadilika, sahani haikubadilika. Mitaala iliendelea vilevile, maofisa wa kilimo waliendelea kutoa ushauri juu ya mazao yale yale, na wizara zikatafuta fedha za kigeni kwenye kahawa, chai na maua. Utafiti ulikwenda kule kwenye fedha. Tena mboga za kienyeji zilikuwa kazi ya wanawake, zikilimwa kando ya nyumba, mahali ambapo ofisa aliyekuja kuzungumza na baba mwenye shamba hakufika. Hili la mwisho nalitilia mkazo, kwa sababu mara nyingi tunalaumu wakoloni tukasahau kwamba hata wataalamu wetu wenyewe walipita mlangoni mwa jikoni bila kubisha.

Lakini walikuwapo waliobisha. Nairobi, kwenye Makumbusho ya Taifa, kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa inayoitwa Herbaria ya Afrika Mashariki. Ilianzia Amani, kwenye milima ya Usambara huko Tanga, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Humo mna mamia ya maelfu ya vipande vya mimea vilivyobanwa, vikakaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu, kila kimoja na kibandiko chake: jina la kitaalamu, mahali kilipookotwa, tarehe, jina la aliyekiokota. Mara nyingine, chini kabisa, mstari mmoja wa jina ambalo wenyeji wanakiita na kazi wanayokifanyia. Mstari mmoja tu, baada ya karne nyingi za watu kukila.

Hifadhi hiyo iliongozwa kwa muda mrefu, tangu miaka ya 1970, na mwanamke wa Uganda, Christine Kabuye. Chini yake ule mstari wa mwisho wa kibandiko ulianza kutafutiwa kurasa zake. Yeye na wenzake, akiwamo Patrick Maundu, walizunguka nchini wakiwauliza watu wanakula nini, wanakichuma lini, wanakipika vipi. Mwaka 1999 Maundu, Kabuye na mwenzao Ngugi wakatoa kitabu kikubwa cha mimea ya vyakula vya asili vya Kenya. Hesabu iliyotokana na kazi za aina hiyo inashangaza: nchini Kenya pekee, mimea ipatayo 210 huliwa majani yake kama mboga. Hebu hesabu wewe unazozila kwa wiki.

Turudi sasa kwa Profesa Abukutsa, kwa sababu yeye alishika jambo ambalo hifadhi ya mimea iliyokauka haiwezi kulishika, nalo ni mbegu hai. Akiwa Chuo Kikuu cha Maseno, alifanya kazi na jamii za magharibi mwa Kenya, Waluhya, Wajaluo na Wakisii, akichunguza mboga wanazolima na mbegu wanazozipata wapi. Wengi walikuwa wakitumia mbegu walizojihifadhia nyumbani, au walizonunua sokoni zikipimwa kwa kijiko bila mtu kujua zina umri gani. Mama anapanda tuta zima, anamwagilia, anangoja, inachomoza miche michache hapa na pale. Anakata tamaa, anasema mboga hizi siku hizi hazitaki, msimu ujao anapanda sukuma wiki. Utafiti wenye maana wakati mwingine ni kukaa na huyo mama na kumuuliza, mbegu hizi ulizivuna vipi?

Naomba nikae kidogo hapa, maana ndipo penye utamu. Chukua mnavu, ambao wengi Nairobi wanauita managu. Mbegu yake imo ndani ya tunda dogo la mviringo lenye maji na utelezi. Mnavu wa majani mapana matunda yake yakiiva hugeuka zambarau iliyokolea karibu na weusi, na mmoja wa jamaa zake wa majani madogo huiva rangi ya chungwa. Ukichuma tunda kabla halijaiva, mbegu haijakomaa. Ukichuma limeiva, ukaliponda na kulianika hivyo hivyo, sukari na utelezi vinagandia kwenye mbegu, na hiyo sukari inaizuia kuota. Kwa hiyo unayakamua matunda kwenye beseni, unatia maji, unakoroga kwa mkono, unaacha yatulie. Nyama na maganda huelea, mbegu nzima huzama. Unamimina vilivyoelea, unatia maji mengine, unarudia mpaka maji yawe meupe na ukiisugua mbegu kwa vidole usikie chenga, si utelezi. Kisha unaianika kivulini juu ya kitambaa mpaka ikauke vizuri. Hakuna mashine, hakuna dawa. Lakini tofauti kati ya tuta lililojaa na tuta tupu inaweza kuwa hiyo beseni ya maji.

Mgagani nao una yake. Mbegu zake zimo kwenye ganda refu jembamba, na ganda likikauka sana hupasuka lenyewe na kuzimwaga chini. Inabidi uliwahi likiwa limegeuka manjano. Ukishazipata, usikimbilie kuzipanda, kwa sababu mbegu mpya ya mgagani hulala. Inahitaji miezi kadhaa ya kukaa kavu ndipo iamke. Aliyevuna wiki iliyopita akapanda leo atadhani amelogwa.

Lakini lipo jambo zito kuliko hayo yote. Shina la mgagani likianza kutoa maua, majani hupungua na kukomaa. Mkulima mzuri huyavunja maua mapema ili aendelee kuchuma. Basi shina bora, lenye majani mengi na linalochelewa kutoa maua, ndilo linalochumwa na kuuzwa mpaka liishe, halifiki kwenye mbegu. Linaloachwa lizae ni lile dhaifu lililowahi kuchanua, ambalo halikuwa na majani ya kuuza. Rudia hivyo misimu kadhaa, na shamba zima litakuwa limejaa watoto wa mashina dhaifu. Soko lenyewe, bila mtu kukusudia, linakula mbegu nzuri na kuacha mbovu. Ndiyo maana wakulima walifundishwa kutenga mashina ya mbegu tangu mapema, wayafunge alama, na mtu asiyaguse hata kama mteja amesimama na pesa mkononi. Kwa familia inayohesabu kila shilingi hilo si ombi dogo, na ni vizuri wataalamu walione hivyo.

Sasa twende jikoni, kwa sababu kuna uchungu. Mgagani ni mchungu, mnavu ni mchungu, mitoo ndiyo usiseme. Kijana wa mjini anasimama kwenye kibanda cha mama mboga, anauliza, "Mama, hizi si chungu?" Na mama mboga anamjibu, "Mwanangu, changanya na mchicha, tia maziwa." Katika jibu hilo fupi mna elimu ya vizazi. Wajaluo, Wakisii na Wakalenjin huzichemsha mboga chungu wakazitia maziwa au malai, na wengine huziacha zilale kwenye chungu mpaka kesho, zikaiva tena, uchungu ukalainika. Waluhya huchanganya mboga chungu na zenye utelezi kama mrenda, na hutia maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, ili majani magumu yalainike bila kuchemka sana. Bibi aliyekwambia mitoo haipikwi peke yake, ipikwe na mrenda, alikuwa akikupa kanuni iliyojaribiwa na watu wengi kwa miaka mingi.

Maabara inayathibitisha mengi, na inatuonya kwa mengine. Gramu 100 za majani mabichi ya mchicha zina takriban miligramu 215 za kalsiamu, na kabichi ina kama 40. Madini ya chuma, mchicha una zaidi ya miligramu 2, kabichi haifiki hata nusu miligramu. Vitamini A kwenye kabichi nyeupe karibu haipo, wakati majani haya ya kijani kibichi yameijaa. Lakini tusidanganyane kwa hesabu za juu juu. Mchicha una asidi inayoishika kalsiamu isiingie mwilini yote, kwa hiyo si kila miligramu iliyoandikwa inakufaa. Kuchemsha na kumwaga maji hupunguza asidi hiyo, lakini humwaga vitamini C pia. Namna ya kupika basi ni sehemu ya lishe, na mtaalamu anayepima majani mabichi tu amepima kitu ambacho mtu hali. Profesa Abukutsa alilijua hilo mapema, na kazi yake ilikwenda mpaka kwenye mapishi, kwa kuwa hakuna haja ya kumshauri mtu ale mboga ikiwa hukumwambia aipikeje iwe tamu.

Kuna na hili la mnavu. Vitabu vingi vya Ulaya huhesabu mimea ya jamii hiyo kuwa sumu, na ni kweli kwamba matunda mabichi ya kijani yana kemikali ya hatari, hasa kwa watoto. Majani ya aina zinazolimwa kwetu, yakichumwa machanga na kupikwa, yameliwa na mamilioni ya watu. Aliyesoma kitabu cha mbali bila kuuliza jirani angekuachisha chakula chako kwa hofu isiyokuhusu.

Na mboga hizi zina jambo jingine ambalo sayansi inalistaajabia. Mchicha na mgagani hutumia njia ile ile ya kujitengenezea chakula inayotumiwa na mahindi, mtama na miwa, njia inayouwezesha mmea kukua kwa nguvu jua likiwa kali na maji yakiwa haba. Mimea mingi ya majani mapana haina njia hiyo. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, wamekuwa wakiuchunguza mgagani kwa sababu hiyo, wakitaka kujua mmea uliipataje njia hiyo na kama siri yake inaweza kuhamishiwa kwenye mpunga. Mmea ule ule ambao mtaala wetu uliuita gugu uko kwenye vyungu vya maabara ya watu wanaofikiria kulisha dunia yenye joto. Na kwetu unavunwa wiki tatu au nne tu baada ya kuota, kwa mvua chache.

Kazi ya Profesa Abukutsa, ambaye baadaye alifundisha kilimo cha bustani Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta pale Juja, ilitambuliwa. Mwaka 2014 Umoja wa Afrika ulimpa tuzo ya kisayansi yenye jina la Kwame Nkrumah. Upande wa pili, akina Maundu walikuwa wamefanya kazi na shule za msingi, watoto wakitumwa wakaulize nyumbani juu ya vyakula vya asili na kuleta majibu. Orodha iliyokusanywa katika juhudi hizo ilifika mimea kama 850 ya asili yenye majina yake ya kienyeji, na mwaka 2021 UNESCO ikaiandikisha kazi hiyo kuwa mfano wa kuigwa katika kuhifadhi urithi. Mimi napenda sana kwamba mtoto ndiye aliyetumwa kuuliza. Mtoto akiuliza bibi anajibu kwa kirefu, na aibu ya kizazi cha kati inarukwa.

Aibu imepungua kweli. Siku hizi managu na saga, yaani mgagani, zinauzwa kwenye maduka makubwa ya Nairobi, hoteli zinaziandika kwenye orodha ya chakula, na mara nyingine bei yake inaishinda ya kabichi. Tanzania nako, pale Tengeru karibu na Arusha, Kituo cha Mboga Duniani kina ofisi tangu mwaka 1992, na kinahifadhi na kusambaza mbegu za mnavu, mchicha, mgagani na nyanya chungu.

Hata hivyo furaha yangu ina mpaka. Zilizorudi ni mboga tano, sita, labda kumi. Katika 210, nyingi hazijafika sokoni, na waliozijua wanazeeka. Tena soko la mjini linapenda mnavu usio mchungu sana, jani pana, laini, na wakulima wanafuata soko. Tukienda hivyo tutabaki na aina moja ya kila mboga, iliyochaguliwa na ulimi wa mjini, wakati uchungu ulikuwa na kazi yake. Hifadhi baridi ya mbegu inaweza kuitunza mbegu kwa miaka mingi. Haiwezi kutunza habari kwamba mmea huu unachumwa asubuhi, ule unachanganywa na mrenda, na huu mwingine haupikwi mpaka uoshwe mara mbili. Hiyo inatunzwa na mtu anayeupika.

Na mbegu yenyewe ilipitia misukosuko. Mwaka 2012 sheria ya mbegu ya Kenya ilirekebishwa, na kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa na kuthibitishwa ikawa kosa lenye adhabu ya hadi miaka miwili jela au faini ya hadi shilingi milioni moja. Fikiria mama wa Vihiga anayempa jirani yake kijiko cha mbegu ya mitoo. Lengo lililotajwa lilikuwa kuwalinda wakulima na mbegu bandia, na mbegu bandia ni balaa kweli. Lakini mboga za kienyeji karibu zote zimetufikia kwa kupeana hivyo, jirani kwa jirani, mama mkwe kwa mkaza mwana. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 wakaenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinapingana na katiba.

Naiona hukumu hiyo kuwa sehemu ya kazi ya elimu ya mimea, ingawa iliandikwa na jaji. Vikundi vya akina mama vinaweza tena kufungua vibuyu na chupa vyao hadharani, wakapeana, wakaambiana hii ni ya shina lililochelewa kuchanua, hii niliiosha vizuri, hii ni ya mwaka juzi usiiamini. Walio na mgagani uliovunwa Septemba, mvua za masika zikianza Machi mbegu hiyo itakuwa imeshaamka. Panda kwa mistari, ifukie kidogo tu, maana ni ndogo, na kabla hujaanza kuchuma majani funga uzi kwenye mashina kumi bora ya kuachia mbegu.